Sura ya Tano: Nusu Ukurasa

Mashine ya kusaga nafaka imenunuliwa kwa shilingi milioni 12. Itafanya kazi miaka 5, kisha itauzwa kama chuma chakavu kwa milioni 2. Uchakavu wa kila mwaka ni kiasi gani? Swali hili nimewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu miaka mingi, na miaka yote wanalipata. Milioni 12 toa milioni 2, gawa kwa 5, milioni 2. Anayelikosa ni yule ambaye daladala ilimchelewesha.

Siku moja umeme ukakatika katikati ya kipindi. Projekta ikazimika, feni zikasimama, na zilikuwa zimebaki dakika kumi. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili, tayari wameanza kufunga mabegi. Sijui nilipata wapi wazo lile, nadhani ni ukaidi tu wa kutotaka kuonekana nimeshindwa na shirika la umeme. Nikawaambia kila mmoja achane karatasi nusu, asiandike jina, anijibu swali moja. Ile milioni 2 ya uchakavu, mwisho wa mwaka iko wapi? Mweleze mama mwenye mashine, ambaye hajasoma uhasibu hata siku moja, kwa lugha anayoielewa yeye.

Usiku nikazisoma. Ya kwanza ilisema hela iko benki. Ya pili, iko kwenye akaunti maalumu ya kununulia mashine mpya. Ya tatu, imekatwa na TRA, yaani mamlaka ya mapato. Ya nne ilinakili maana ya uchakavu kutoka kitabuni neno kwa neno, kwa Kiingereza safi, bila kugusa swali. Nilipofika ya ishirini na kitu nikaacha kuhesabu, maana nilianza kuona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Kwa msomaji asiye mhasibu: hiyo milioni 2 haiko popote. Hela ilitoka mfukoni mwa mama siku ile aliyomlipa muuza mashine, yote kwa mkupuo. Kinachofanyika kila mwaka ni kuandika kipande cha gharama ile ya zamani dhidi ya mapato ya mwaka huo, ili faida isionekane nono kuliko ilivyo. Hakuna noti inayohama. Asiyelielewa hilo atamshauri mama vibaya. Atamwambia asiwe na wasiwasi, hela ya mashine mpya inajiweka yenyewe.

Na karibu wote walikuwa wamelipata lile swali la kugawa kwa tano. Hesabu ilikuwa imewasitiri miaka yote hiyo, nami imenisitiri pamoja nao. Mmoja tu, kati ya zile nilizosoma usiku ule, aliandika kitu ambacho bado nakikumbuka. Mama, hiyo hela ulishaitoa zamani, mwaka huu mimi nakukumbusha kipande chake tu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mazungumzo kuhusu uandishi vyuoni kwa kawaida huanza kwingine, kwenye malalamiko. Wanafunzi hawajui kuandika. Sarufi mbovu, aya hazina kichwa wala miguu, marejeo yamepangwa kama mzigo wa lori. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Chuo kinailaumu sekondari, sekondari inailaumu shule ya msingi, shule ya msingi inawalaumu wazazi, na mpira unatoka nje ya uwanja. Kisha kikao kinaazimia kwamba kozi ya stadi za mawasiliano iimarishwe.

Kozi hiyo kila aliyepita chuoni Afrika Mashariki anaijua kwa jina moja au jingine. Inatolewa mwaka wa kwanza, muhula mmoja au miwili, na mwalimu kutoka upande wa lugha ambaye darasa lake limejaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Mwanafunzi anafundishwa barua, aya, ufupisho na namna ya kutaja vitabu alivyotumia. Anafaulu, anaifunga. Kuanzia hapo mwalimu wa kemia hana habari na uandishi, wala wa udongo, wala wa uuguzi, wala mimi wa uhasibu. Uandishi una ofisi yake, na ofisi hiyo haiko kwetu.

Mpango huu hatukuubuni sisi. Mzizi wake mmojawapo uko Harvard, Marekani, ambako mwaka 1874 walianza kuwatahini waombaji kwa insha. Walichokisoma hakikuwapendeza, na kufikia 1885 chuo kilikuwa na kozi ya lazima ya uandishi kwa mwaka wa kwanza. Vyuo vingine vikafuata. Ilikuwa kama kuchanja ng'ombe: mchome sindano moja akiingia zizini, umemaliza. Karibu miaka 90 baadaye malalamiko yalikuwa yaleyale. Desemba 1975 jarida la Newsweek lililiweka jalada zima kwenye swali la kwa nini vijana wa Marekani hawawezi kuandika.

Lakini kabla ya jalada hilo, mji mdogo wa Pella katika jimbo la Iowa ulikuwa umeshaanza jambo jingine. Pella ilianzishwa na wahamiaji wa Kiholanzi mwaka 1847, na chuo chake, Central College, si jina linalotajwa sana huku kwetu. Mwaka wa masomo wa 1969/70 mwalimu wa Kiingereza chuoni hapo, Barbara Walvoord, aliwakusanya walimu wenzake wa masomo mbalimbali kwenye semina kuhusu uandishi wa wanafunzi wao. Waliokuja kujifunza safari hii walikuwa walimu wenyewe. Wanaoandika historia ya jambo hili huitaja semina hiyo kuwa ya kwanza ya aina yake. Mwaka 1977 chuo cha Michigan Tech, ambacho ni chuo cha wahandisi hasa, kikaanza warsha za namna hiyo kwa walimu wake, na wazo likasambaa Marekani nzima.

Hoja yenyewe ilipata nguvu kutoka London. James Britton na wenzake, kwa mradi ulioanza 1966, walikusanya maandishi kama 2,000 ya wanafunzi wa sekondari, ya masomo yote, wakauliza swali ambalo mtu wa kawaida hafikirii kuliuliza. Mwanafunzi huyu anamwandikia nani? Matokeo yalichapishwa 1975. Karibu nusu ya maandishi yale yalikuwa yameandikwa kwa mwalimu akiwa mtahini, mtu ambaye jibu analijua tayari na anachosubiri ni kuona kama na wewe unalijua. Maandishi ambamo mtoto anahangaika na wazo, anajiuliza, anarudi nyuma, anasema sielewi hapa, yalikuwa machache mno. Britton alishikilia kwamba hayo machache ndiyo yanayozaa mengine.

Mimi nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka Erasto Mpemba.

Kisa chake wengi wanakijua nusu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikiisha. Mwenzake mmoja akawahi kwa kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa, na Mpemba akaona asipoteze nafasi, akaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado uji. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba alichanganya mambo, hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na darasa likapata utani wa kumtania nao kwa muda mrefu.

Kisha Dk Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo bado chuo kishiriki, akaja shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lake. Vyombo viwili, maji sawa kwa ujazo, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote ndani ya friza. Kwa nini kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia, ila asiwe na shaka, watarudia mpaka wapate jibu sahihi.

Nusu isiyosimuliwa sana ni makala yenyewe. Ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza, kwa jina la «Cool?», na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, kule miteremko ya Kilimanjaro. Ina sauti mbili. Kwanza anazungumza Mpemba, kwa nafsi ya kwanza, kuhusu maziwa, friza, walimu na vicheko. Halafu anaingia Osborne na vipimo vyake, na anakiri kwamba mwanzoni alidhani kijana kakosea. Wanasayansi hadi leo wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli, linatokea lini na kwa nini, na wapo waliopima upya na kulikataa. Hilo halinisumbui. Mwanafunzi wa wanyamapori aliandika fizikia kwa kusimulia alichokiona, alichotarajia, na pale viwili hivyo vilipogombana.

Sasa fungua ripoti ya maabara ya mwanafunzi wetu wa leo. Lengo, vifaa, njia, matokeo, hitimisho. Hakuna mtu ndani yake, vitu vinajifanya vyenyewe, kipimajoto kilichukuliwa na maji yalichemshwa. Mvutano wa dunia aliopima kwa jiwe na uzi ni 9.8, haujawahi kuwa 9.3. Sehemu ya njia ilitoka kwenye madesa ya mwaka jana, ambayo nayo yalitoka ya mwaka juzi. Vijana wana neno lao, kupika data, na hawalisemi kwa aibu, kwa sababu wanajua mwalimu anachotafuta. Wako sawa na yule fundi wa Osborne, wanarudia mpaka lipatikane jibu sahihi, isipokuwa wao hawarudii kipimo, wanarudia kuandika.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia aliongeza kitu kimoja tu mwisho wa ripoti hiyo, kisichozidi nusu ukurasa. Ni kipi hakikwenda ulivyotarajia, na unadhani kwa nini? Alitoa alama kwa kuandika, hata kama dhana ingekuwa ya ovyo. Wiki mbili za kwanza karatasi zilirudi na uongo wa adabu, kila kitu kilikwenda vizuri, Mwalimu. Ya tatu mmoja akaandika kwamba uzi wao ulikuwa na fundo na hawakujua wapime urefu kuanzia wapi. Rafiki yangu alinipigia simu kunisomea sentensi hiyo kana kwamba ni barua kutoka kwa mtoto wake.

Najua pingamizi, maana ndilo nililokuwa nalitoa mimi. Ni idadi. Una wanafunzi 300. Ukisahihisha nusu ukurasa kwa dakika 10 kila mmoja, ni dakika 3,000, yaani saa 50, wiki nzima ya kazi na zaidi, kwa zoezi moja. Hakuna mhadhiri mwenye akili timamu atakayekubali, na asilaumiwe.

Hesabu hiyo imebeba dhana kwamba kila kinachoandikwa lazima kipitiwe na kalamu nyekundu. Nani alisema? Mwanafunzi akisema jambo kwenye semina hatumpi alama sita kati ya kumi kwa kila sentensi. Zile karatasi za uchakavu sikuzisahihisha hata moja. Nilisoma kama arobaini, nikajua darasa limekwama wapi, zilizobaki nikazifunga kwa mpira nikaziweka kabatini. Kwa wanafunzi faida ilikuwa imeshapatikana wakati wa kuandika, walipojikuta kalamu imesimama katikati ya sentensi kwa sababu hawajui hela iko wapi. Mwaka 1977 Janet Emig aliandika makala inayotajwa mpaka leo, akisema kuandika ni njia ya kujifunza yenye nguvu zake yenyewe, kwa kuwa mkono, jicho na akili vinafanya kazi mahali pamoja na unachokifikiri kinabaki mbele yako ukikiangalia. Mwanafizikia Charles Schwartz wa Berkeley alikuwa na desturi ya kuwaachia wanafunzi dakika chache mwisho wa kipindi waandike jambo kuu walilojifunza na swali waliloondoka nalo. Zoezi hilo limeenea ulimwenguni kwa sababu ni rahisi kiasi kwamba huwezi kulikataa kwa kisingizio cha muda.

Alama ziwepo, lakini kwa machache. Mimi hutoa kazi moja ndefu kwa muhula, nayo naiomba mara mbili: rasimu, kisha ya mwisho. Rasimu naisoma bila kugusa sarufi, naandika maswali mawili tu pembeni. Mwalimu anayerekebisha kila koma kwenye rasimu anamfundisha mwanafunzi kwamba kasoro yake ni koma.

Halafu kuna suala la lugha, na hapa nitasema ninachoamini. Nilipowaambia wamwandikie mama mwenye mashine, wengi waliandika Kiswahili, na makosa yao yalionekana waziwazi kama jipu usoni. Walioandika Kiingereza wengi walijificha nyuma ya maneno ya kitabu. Ukisoma, huwezi kujua kama anaelewa au anakariri. Kwa mwalimu anayetaka kujua darasa limekwama wapi, karatasi ya namna hiyo haina kazi.

Tume ya Rais ya elimu nchini Tanzania, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu 1991/92. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na miaka 40 baadaye tunafundisha kwa Kiingereza kile tunachokieleza koridoni kwa Kiswahili. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, somo la Kiswahili linafundishwa na kuandikwa kwa Kiswahili tangu 1970, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilichapishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990, kwa hiyo anayesema maneno hayapo hajaenda maktaba. Lakini sitaki msomaji asubiri sera. Nusu ukurasa usio na alama hauhitaji kibali cha mtu. Mwache mwanafunzi aandike kwa lugha anayofikiria, achanganye akitaka, kisha ile kazi ndefu ya muhula aiandike kwa Kiingereza kama kanuni zinavyodai. Atakuwa na kitu cha kukisema.

Kuhusu programu zinazoandika zenyewe, nitapita haraka. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kila semina ya walimu inaishia kwenye hofu hiyo. Ila steshenari za nje ya mageti ya vyuo zilikuwa zinauza tafiti zilizokamilika, pamoja na jalada, muda mrefu kabla. Tofauti ninayoiona ni bei. Kazi inayoweza kuandikwa na programu bila kumjua mama mwenye mashine, bila fundo kwenye uzi, bila kuwa darasani siku ile, ilikuwa kazi dhaifu tangu enzi za taipu. Karatasi iliyochanwa, kalamu, dakika tano, mwalimu akiwa amesimama mlangoni: hapo hakuna cha kununua.

Kipindi kilichofuata baada ya umeme kukatika, niliingia na karatasi tatu tu. Nikasoma ile ya benki, nikasoma ile ya TRA, darasa likacheka kwa kujitambua. Nikasoma ya yule aliyemkumbusha mama kipande chake. Kimya. Kisha mkono ukanyanyuka nyuma kabisa, kijana ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake.

«Samahani, Mwalimu. Kwa hiyo mama anaweza kuonyesha hasara mwaka huu, na hela anayo?»

Ndilo swali la sura nzima ya mtiririko wa fedha, ambayo nilipanga kuifundisha wiki ya tisa. Nikafuta ubao, nikaifundisha siku ile.

Wewe mwenye kipindi kesho, iwe mifupa ya mkono, iwe mikataba, iwe nguzo za daraja: kata slaidi mbili za mwisho, waachie dakika tano na swali moja linaloanza na mweleze. Soma thelathini za kwanza utakazoshika. Nyingine weka kabatini.